Maji Mengi, Madeni Mengi

Jumapili, saa nne na nusu usiku.

Leo hakuna vituko. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa, na nisipoliandika silali. Jamaa ninayembeba (mnajua wenyewe maisha ya kubebana, kitanda kimoja watu wawili) ameshageukia ukutani anakoroma, kwa hiyo nina robo ya kitanda na kompyuta ya kuazima. Twende.

Ijumaa jioni nilimkuta rafiki yangu mmoja wa mwaka wa kwanza amekaa kwenye ngazi nyuma ya maktaba, macho mekundu. Nikadhani ni mambo ya bumu, maana bumu likichelewa nusu ya chuo inalia. Kumbe sivyo.

"Wamenikalisha masaa mawili," akaniambia.

Waliomkalisha ni wapendwa watatu, wakubwa wetu kidogo kimasomo. Swali la kwanza: umeokoka? Akasema ndiyo, anampenda Yesu. Swali la pili: ulibatizwaje? Akajibu kwa ukweli wake: yeye ni Mlutheri, kwao ni Upareni, alibatizwa akiwa na miezi minne, mchungaji akammwagia maji kichwani. Hapo ndipo kikao kilipobadilika. Akaambiwa huo siyo ubatizo, alilowanishwa nywele tu. Akaambiwa akigongwa na daladala kesho asubuhi hajui atakwenda wapi. Akaandikwa jina kwenye orodha ya watakaobatizwa baharini Jumamosi ijayo. Hakuulizwa kama anataka. Aliulizwa kama ana nguo ya kubadilisha.

Usiku akampigia mama yake kumweleza. Mama akanyamaza muda mrefu mpaka binti akadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, siku ile nilivyokubeba mgongoni kutoka kule juu mlimani mpaka kanisani, nilikupeleka bure?"

Binti hakuwa na jibu. Na mimi nilipoambiwa sikuwa nalo.

Hasira yangu ilianzia hapo. Lakini kabla sijamrushia mtu jiwe, nikiri jambo moja. Mimi mwenyewe nimekaa upande wa pili wa kikao kile. Mwaka wa kwanza nilikalishwa hivyo hivyo, nikaogopa hivyo hivyo, nikazamishwa baharini asubuhi moja yenye baridi nikatoka natetemeka na furaha. Furaha ile ilikuwa ya kweli, siikani. Mwaka wa pili nikawa na mimi nawauliza wengine, "Ulibatizwaje?" Na wakati nauliza, nilikuwa na deni la shilingi 14,500 kwa mama mmoja anayetuuzia chakula nje ya geti. Wali maharage wa wiki nyingi. Ili nisipite mbele yake nilikuwa nazunguka njia ya nyuma ya mabweni, Biblia kwapani, naenda kutoa ushuhuda.

Haya, sasa tuongee.

Kwanza, sisemi kuzamishwa ni kubaya. Neno lenyewe la Kigiriki, baptizo, maana yake ni kuchovya, kuzamisha. Paulo kwenye Warumi 6 anaongelea ubatizo kama kuzikwa pamoja na Kristo na kufufuka naye, na kweli picha hiyo inaonekana vizuri zaidi mtu anapozama na kuibuka. Anayezamisha ana hoja, tena nzuri.

Lakini kuna kitabu kidogo kinaitwa Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, cha mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kinaelekeza kubatiza kwenye maji yanayotiririka. Kama hayapo, maji mengine. Kama ya baridi hayafai, ya moto. Na kama yote mawili hayatoshi, mimina maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Basi. Hakuna mstari unaosema aliyemiminiwa arudi tena mto ukijaa. Watu wale walikuwa karibu na mitume kuliko mimi na wewe na kamati yetu ya maombi, na hawakugombania ndoo.

Pili, tunachanganya maswali mawili kama vile ni moja. Swali la kwanza ni kiasi cha maji. La pili ni umri wa anayebatizwa. Waorthodoksi, ambao wapo hata kwetu Kagera, wanawazamisha watoto wachanga mara tatu. Maji mengi, mtoto mdogo! Na upande mwingine kuna Wamenoniti, waliofika Shirati kule Mara mwaka 1934. Wao wanabatiza mtu anayejieleza imani yake mwenyewe, lakini kuna wengi wao wanaomimina maji kichwani. Mtu mzima, maji machache! Sasa ukija na kauli yako ya "maji mengi ndiyo wokovu", hawa wawili unawaweka wapi? Utamwambia nani hajaokoka?

Na hao Wamenoniti historia yao inaumiza. Januari 1525, kule Zürich, Uswisi, kikundi cha vijana waliosoma walikataa ubatizo wa watoto. Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, tena kwa kummiminia maji, na Blaurock akawabatiza wengine. Waliitwa Waanabaptisti, yaani wabatiza tena, ingawa wenyewe walisema hawarudii kitu, kwa sababu ule wa utotoni hawakuuona kuwa ubatizo. Januari 1527 baraza la mji likamwua mmoja wao, Felix Manz. Unajua walimuuaje? Walimfunga wakamtosa kwenye mto Limmat. Ulitaka maji, chukua maji. Wakristo walimzamisha Mkristo mwenzao mpaka akafa, kwa sababu ya swali la nani abatizwe lini.

Kwa hiyo ninapowasikia wapendwa wakisema ubatizo wa watu wazima ni wa kuchekwa, nawaambia nyamazeni, kuna watu walikufa kwa ajili yake. Na ninapowasikia wapendwa wengine wakicheka ubatizo wa mtoto, nawaambia na nyie nyamazeni, kuna mama wa Upareni aliyeshuka mlima na mtoto mgongoni. Hilo nalo ni imani. Mjadala huu ni wa zamani. Tertuliano wa Karthago alishauri mnamo mwaka 200 kwamba watoto wasubiri kwanza wakue. Maana yake nini? Maana yake tayari kulikuwa na watu wanawabatiza watoto, na tayari kulikuwa na watu wanahoji. Miaka zaidi ya 1,800 watu wanaompenda Yesu wametofautiana, na wewe unataka kuumaliza kwa masaa mawili kwenye ngazi za maktaba na binti wa miaka kumi na tisa?

Najua mtu atanijia na Matendo 19. Paulo alikuta wanafunzi Efeso, akauliza walibatizwa ubatizo gani, kisha wakabatizwa tena. Sawa, soma vizuri. Wale walikuwa na ubatizo wa Yohana, na habari za Roho Mtakatifu hawakuwa wamezisikia. Hawakuwa wamebatizwa kwa jina la Yesu. Rafiki yangu wa Upareni alibatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akafundishwa mafundisho ya kipaimara, akasimama mwenyewe mbele ya kanisa akasema anaamini. Mfano wako haumhusu.

Tatu, na hapa ndipo penye moto: wokovu. Yule mhalifu msalabani hakuwahi kubatizwa, hakuwa na muda, na Yesu alimwahidi paradiso siku ile ile. Kornelio na nyumba yake, Matendo 10, walishukiwa na Roho Mtakatifu kabla hata tone la maji halijawagusa. Petro hakusema basi maji hayana kazi. Aliagiza wabatizwe. Maji yana kazi. Ila Mungu alishatangulia kufika, na Petro na maji yake wakafuata nyuma. Nani amekupa wewe ufunguo wa kumfungia nje mtu ambaye Mungu alishaingia kwake?

Sasa geuza. Matendo 8 kuna Simoni mchawi. Huyu alikuwa mtu mzima. Alisikia Injili, aliamini, akabatizwa. Kila sharti la kamati yetu alilitimiza. Baadaye kidogo akatoa pesa akitaka kununua uwezo wa kuwapa watu Roho kwa kuwekea mikono, na Petro akamwambia moyo wake haujanyooka. Simoni alitoka majini na roho yake ya biashara ikiwa kavu kabisa. Haikulowa!

Jamani, tunao akina Simoni wangapi hapa chuoni? Na siongelei watu wa disko. Naongelea sisi wa mkesha.

Mmoja wa wale watatu waliomkalisha binti namfahamu, simtaji. Muhula uliopita tulikuwa naye kwenye kazi ya kikundi. Hakuja hata kikao kimoja, alikuwa kwenye maombi. Siku ya kukusanya akatuma ujumbe, "Mpendwa niwekee jina, Mungu atakubariki." Nikamwekea. Alama tukapata sawa. Nani alitenda dhambi hapo? Wote wawili. Yeye aliiba jasho, mimi nilidanganya mwalimu kwa jina la upendo. Na bado wiki ile ile wote tulikuwa mbele tunaongoza sifa.

Kuna wanaosainiana mahudhurio. Kuna wanaopiga chabo kwenye testi halafu wakifaulu wanashuhudia kwamba Bwana ametenda. Bwana gani? Kuna kaka anayewaombea madada mmoja mmoja mpaka saa sita usiku, na dada mmoja amehama chuo mtu hataki kusema kwa nini. Kuna anayetoa zaka ya bumu lote kwa mbwembwe, na mdogo wake kijijini amerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari. Orodha ya ubatizo tunayo, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu. Orodha ya haya mengine hakuna anayeishika.

Wakati Paulo, mtume mwenyewe, akiwaandikia Wakorintho waliokuwa wanagawana vyama, anashukuru kwamba aliwabatiza wachache tu, Krispo na Gayo, na nyumba ya Stefana. Wengine hata hawakumbuki! Mtume hana daftari la aliowabatiza. Sisi tunahesabu vichwa na kutangaza kila mwisho wa muhula.

Sasa muulizeni huyo mwenye jina lenyewe la ubatizo. Luka 3, watu walikwenda mtoni kwa Yohana Mbatizaji, naye akawatisha kweli kweli. Ila walipomuuliza tufanye nini sasa, aliwajibu nini? Hakuwapa somo la kina cha maji. Alisema mwenye nguo ya ziada amgawie asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango. Askari aliwaambia wasinyang'anye wala kusingizia watu, waridhike na mshahara. Nguo, chakula, kodi, mshahara. Mtu amesimama mtoni, maji mpaka kiunoni, na anaongelea mshahara! Kwa sababu alijua ukitoka majini utarudi kazini kwako, na pale kazini ndipo itajulikana kama ulioga tu au ulibatizwa.

Na Zakayo je? Biblia haisemi siku alipobatizwa. Inasema siku aliporudisha pesa, mara nne, na nusu ya mali kwa maskini. Na Yesu akatangaza wokovu umeingia nyumba ile siku ile.

Tusiseme haya ni ya Wayahudi wa zamani. Kwetu Bukoba walokole wa kwanza walitoka kwenye ule Uamsho uliowaka Rwanda na Uganda. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza wa misheni ya Gahini, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na moto ukaenea miaka ya 1930 mpaka ukavuka kuja kwetu. Wengi wa walokole wale hawakuhama makanisa yao. Walibaki Waanglikana na Walutheri, na ubatizo wao wa utotoni wakauacha ulivyo. Alama yao ilikuwa nini? Kuungama hadharani na kurudisha. Mtu alirudisha jembe la watu, alirudisha pesa ya mwajiri, alikwenda kumwomba radhi mke aliyempiga.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alipookoka akiwa msichana alikata mkungu wa ndizi shambani kwao, mkubwa kuliko wote, akaubeba kichwani mchana kweupe mpaka kwa jirani, akasema, "Ule mkungu wenu uliopotea mwaka juzi ni mimi niliuiba." Jirani hata hakuwa anakumbuka. Bibi alikuwa anasimulia mwenyewe akicheka, lakini mwishoni alikuwa anasema kitu kimoja: toka siku ile watu wa mtaa hawakuhitaji kuulizwa kama ameokoka. Walijua. Na maji yake ya kichwani yalikuwa yale yale ya kitoto.

Nimemfikiria bibi tangu Ijumaa. Kwa hiyo leo baada ya ibada nilifanya nilichopaswa kufanya kitambo. Sikupita njia ya nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ulikuwa umesafiri?"

Nikaona aibu mpaka miguuni. Nikamwambia sikusafiri, nilikuwa namkwepa. Nikamtolea 14,500. Mama akachukua kidaftari chake chini ya meza, akalamba kidole, akafunua kurasa, akapiga mstari kwenye jina langu. Hakuna malaika walioimba. Alisema tu, bila hasira, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya, "Nyie wa Biblia ndio wengi humu ndani." Akanionyesha. Yeye ni Mwislamu, anavaa ushungi wake vizuri, wala hakuwa ananisema vibaya. Nilisoma majina. Nayafahamu karibu yote. Mengine tuliingia nayo baharini asubuhi moja.

Wapendwa, ile ndiyo orodha ya kuogopa. Tumemhubiria yule mama miaka mitatu bila kufungua mdomo, na mahubiri yenyewe ndiyo yale.

Sasa kuna wenzangu Walutheri, Wakatoliki na Waanglikana mnaosoma hapa huku mnapiga makofi. Subirini, zenu zinakuja. "Mimi nilibatizwa utotoni, msinisumbue." Halafu? Ubatizo umeufungia kabatini pamoja na picha ya kipaimara. Kanisani Krismasi na Pasaka, katikati hapo ni kiti cha baa na mtoto wa watu uliyempa mimba ukabadilisha namba ya simu. Wazazi wako na wasimamizi wako waliahidi mbele ya Mungu kwa niaba yako. Ahadi ile ni deni pia, na anayedaiwa sasa ni wewe. Anayejivunia maji ya zamani bila kuyaishi hana tofauti na anayejivunia maji mapya bila kuyaishi. Wote ni wakavu.

Ninachoomba ni kidogo tu. Tuache kuwatisha watu kwa daladala. Mtu akija mwenyewe na swali la ubatizo, tukae naye, tusome, tumpe miezi, aongee na mchungaji wake na wazazi wake. Dhamiri yake ikimpeleka majini, aende kwa amani. Ila hofu ikimpeleka, tumembatiza kwa jina letu sisi. Na kabla mtu hajakalishwa kuulizwa alibatizwaje, anayeuliza apite kwanza nje ya geti akaangalie kile kidaftari.

Rafiki yangu hajaamua. Jioni hii kaniuliza, "Sasa wewe unasemaje, niende Jumamosi au nisiende?" Nikamwambia sisemi. Nikamwambia ampigie tena mama yake, safari hii asimweleze kitu, amwombe amsimulie siku ile ya mlimani ilivyokuwa, mwanzo mpaka mwisho. Akishasikia, ataamua. Akiamua kwenda baharini, nitakwenda naye nimshikie khanga. Akiamua kutokwenda, Jumamosi tutakula wali maharage, na tutalipa hapo hapo.

Niishie hapa. Kesho saa mbili asubuhi nina testi na sijasoma hata ukurasa. Niombeeni nifaulu. Na mkiniona naangalia karatasi ya jirani, nikohoeni.

Usiku mwema.